Vihisi vya Infraredi Katika Zahanati Zetu: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kununua

Yafuatayo ni maandishi ya mada iliyotolewa na mhandisi wa vifaa tiba mbele ya waganga wafawidhi, wauguzi, wakunga na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya kutolea huduma za afya, Nduguti, wilayani Mkalama. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi na wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie vihisi vya infraredi, na hasa vile vipya vinavyotengenezwa kwa grafini, vyepesi na vyenye kupindika, ambavyo mtu huvivaa mwilini kama bangili au plasta. Nilipokuwa naingia ukumbini, mjumbe mmoja wa kamati alinisimamisha mlangoni akaniuliza: "Mhandisi, hayo yanatuhusu nini sisi ambao betri za kipimajoto tu zinatushinda?" Nimelichukua swali lake kuwa ndilo swali la siku ya leo, na nitajitahidi nisishuke hapa kabla ya kulijibu.

Nianze na jambo ambalo kila mkazi wa mkoa huu analijua bila kufundishwa. Jioni, jua likiwa limekwisha kuzama, mtu akipita kando ya jabali kubwa lililochomwa na jua mchana kutwa, huhisi joto kwenye shavu lake pasipo kuligusa jabali hilo. Upepo unavuma, hewa imeanza kupoa, lakini shavu lililoelekea jabali lina habari tofauti na lile lililoelekea barabara. Kinacholifikia shavu hilo ni mwanga. Jicho letu haliuoni, lakini ngozi huupokea. Huo ndio mwanga wa infraredi.

Aliyeugundua kwa kipimo ni mtaalamu wa elimu ya nyota, William Herschel, nchini Uingereza mwaka 1800. Aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika katika rangi za upinde wa mvua, kisha akaweka vipimajoto katika rangi hizo. Kipimajoto alichokiweka pembeni, nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, kilipanda kuliko vingine vyote. Tangu siku hiyo wanadamu wakajua kwamba mwanga hauishii pale macho yetu yanapoishia.

Katika vituo vyetu mwanga huo unatumika kwa njia mbili, na ni vema tuzitenganishe, kwa kuwa kila njia ina udhaifu wake.

Njia ya kwanza ni ya kipimajoto cha paji la uso, kile tulichokizoea wakati wa janga la UVIKO-19. Mwili wa binadamu, kama jabali la jioni, hutoa mwanga wa infraredi wakati wote. Kipimajoto hakitoi mwanga wowote. Hupokea tu ule unaotoka kwenye ngozi, kisha hukokotoa joto.

Njia ya pili ni ya kipima oksijeni cha kidoleni. Hiki chenyewe hutoa mwanga, mwekundu kwa zamu na infraredi kwa zamu, ukapenya kwenye kidole na kupokelewa na kihisi upande wa pili. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazifyonzi mianga hiyo miwili kwa kiwango kimoja. Kwa kulinganisha kilichopotea njiani, kifaa hukadiria kiwango cha oksijeni, na kwa kufuatilia jinsi mwanga unavyopanda na kushuka, huhesabu mapigo ya moyo.

Sasa tuje kwenye grafini. Wengi wenu mmesikia habari za madini ya kinywe yanayopatikana Mahenge, wilayani Ulanga, na katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi. Kinywe ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka, mfano wa maganda ya kitunguu, na sisi wa Singida hatuhitaji kuelezwa kitunguu. Penseli huandika kwa sababu matabaka hayo huteleza na kubaki juu ya karatasi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, wanasayansi Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia utepe wa kunata wa kawaida kubandua matabaka ya kinywe, wakarudia na kurudia, hadi wakapata tabaka moja lenye unene wa atomu moja. Hilo ndilo grafini, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Grafini hupinda bila kuvunjika, na hupitisha umeme kwa wepesi mkubwa. Pia huacha karibu mwanga wote upite, kwani tabaka moja hufyonza takribani asilimia 2.3 tu. Sifa hiyo ya mwisho ni neema na kikwazo kwa pamoja, maana kihisi kinachoacha mwanga upite hakiwezi kuuhisi vizuri. Watafiti wa taasisi ya ICFO, karibu na Barcelona nchini Hispania, walikivuka kikwazo hicho kwa kupaka juu ya grafini chembe ndogo mno za mchanganyiko wa risasi na salfa. Chembe hizo hunasa mwanga, ukiwamo wa infraredi, na kuikabidhi grafini chaji ya umeme. Grafini nayo huisafirisha. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya vihisi vya namna hiyo, vinavyopinda na kukaa juu ya ngozi, vilivyopima mapigo ya moyo, kiwango cha oksijeni katika damu na kasi ya kupumua.

Sikuja kuwauzia kifaa hicho. Hicho ni kifaa cha maabara. Lakini mnaweza kuona mara moja kwa nini kinawavutia watu wanaohudumia watoto wachanga. Mtoto njiti ana kidole kidogo kuliko kibanio cha kipima oksijeni. Ngozi yake ni nyororo, na kitu kigumu humuumiza. Anapaswa kubaki na joto la kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi, na akishuka chini ya hapo hawezi kulia na kuomba nguo. Plasta laini ambayo ingekaa kifuani pake usiku kucha, huku mama akiwa amembeba ngozi kwa ngozi, na ikampa muuguzi habari kabla hali haijaharibika, ingekuwa msaada mkubwa kwa zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu vifaa vya kuvaliwa vinaongezeka sokoni, vya bei nafuu na vya bei ghali, na vituo vyetu siku hizi hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zake na kupanga manunuzi kupitia kamati. Wajumbe mlioketi hapa ndio mnaotia saini. Kuna jambo moja napenda mtoke nalo: kihisi hakimjui mgonjwa. Kinajua kiasi cha mwanga uliokifikia, na kati ya mwanga huo na mgonjwa kuna mambo mengi.

Nitoe mfano wa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kipimajoto kipya cha paji la uso katika zahanati moja. Kilikuwa kimekaa kwenye buti la gari tangu asubuhi, juani. Nilikitoa kwenye boksi nikaanza kukionyesha papo hapo, kwa mtoto aliyekuwa na umri wa siku mbili. Ndani ya dakika tano nilipata namba tatu tofauti kwa mtoto huyo huyo, na moja ya namba hizo ilisema yu salama kabisa. Mama yake, kwa upole, aliniambia: "Baba, mimi naona mwanangu amepoa." Mkunga hakubishana na yeyote. Alichukua kipimajoto cha kwapani, akasubiri kilie, akasoma nyuzi 35. Mtoto akavuliwa nguo zilizolowa, akafutwa, akawekwa kifuani kwa mama, akafunikwa kofia na khanga mbili. Baada ya saa moja alikuwa akinyonya.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kipimajoto cha aina hiyo hulinganisha mwanga unaokifikia na joto la kihisi chenyewe, na kihisi kilichotoka kwenye joto la buti hakiwezi kuaminika mpaka kikae chumbani hadi kifikie joto la chumba hicho. Maelekezo yake yalisema hivyo, kwa herufi ndogo, kwa lugha ambayo watumishi wengi wa zahanati ile hawakuisoma, na mimi niliyepaswa kuwasomea sikuwasomea. Mambo mengine yanayoipotosha namba ni jasho, upepo wa dirishani, jiko la mkaa lililo karibu, na paji la uso lililotoka juani sasa hivi. Kila moja la hayo linapatikana Mkalama kila siku.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu ngozi. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho kati ya vipima oksijeni vya kidoleni na vipimo vya damu yenyewe iliyotolewa kwenye mshipa. Walichukua wagonjwa ambao kifaa cha kidoleni kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani kiwango ambacho hakimtishi mhudumu. Damu ilipopimwa, oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na katika asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe. Kwa maneno mengine, upungufu wa hatari ulijificha kwa mtu mweusi karibu mara tatu ya ulivyojificha kwa mweupe.

Sababu yake haina uchawi. Melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu, hufyonza sehemu ya mwanga unaopita. Kifaa kilichosawazishwa zaidi kwa watu weupe hukosea hesabu kinapokutana na ngozi nyeusi, na mara nyingi hukosea kwa kutuambia mgonjwa ana nafuu kuliko alivyo. Grafini haiondoi tatizo hilo. Kihisi kiwe kigumu au laini, mwanga ni ule ule na ngozi ni ile ile. Kinachoondoa tatizo ni kukijaribu kifaa kwa watu wenye ngozi kama zetu kabla ya kukisambaza, na kuyaweka matokeo wazi. Ni haki yetu kuyadai, na tusione haya kuuliza.

Pengine mtasema: huyu ametutisha, basi tusinunue chochote. La hasha. Ninawaomba mwangalie kwa jirani zetu wa Haydom, wilayani Mbulu, hospitali ambayo akina mama wengi wa Mkalama wanaijua njia yake. Katika hospitali hiyo watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Norway walifuatilia kwa miaka mingi huduma ya mtoto anayezaliwa bila kupumua. Waliwafundisha wahudumu kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto kupumua kwa mfuko na barakoa. Wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini kazi ya kweli katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Kisha wakabadili utaratibu: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, pale pale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka takribani 11 hadi takribani 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mfuko ulikuwa ule ule na barakoa ile ile. Kilichobadilika ni mikono iliyovishika, kwa kuwa ilizoezwa kila mara.

Hospitali hiyo hiyo imeshiriki pia kujaribu kifaa cha kuvaliwa na mtoto mchanga kiitwacho NeoBeat, kinachokaa tumboni na kifuani mwa mtoto na kuonyesha mapigo ya moyo ndani ya sekunde chache. Hicho hutumia umeme wa moyo, si infraredi, kwa hiyo sikitaji kama mfano wa grafini. Nakitaja kwa sababu kimejaribiwa kwa watoto waliozaliwa hapa, mikononi mwa wakunga wa hapa, na hivyo ndivyo ambavyo ningependa kila kihisi kipya kitufikie.

Baada ya kusema hayo, naomba kila kamati iyachukue maswali manne, na iyaulize kabla ya kutia saini manunuzi ya kihisi chochote, kiwe cha shilingi elfu ishirini au cha milioni mbili.

Swali la kwanza: je, kimesajiliwa? Vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Saa ya mkononi inayouzwa kwa wanamichezo si kifaa tiba kwa sababu tu inaonyesha moyo mwekundu kwenye kioo chake. Ikiwa muuzaji hawezi kuonyesha usajili, mazungumzo yaishie hapo.

Swali la pili: kimejaribiwa kwa nani? Muulizeni muuzaji kama kimejaribiwa kwa watu weusi na, ikiwa ni cha watoto wachanga, kama kimejaribiwa kwa watoto wachanga. Jibu la maandishi likikosekana, hilo nalo ni jibu.

Swali la tatu: kikikosea, tutajuaje, na kikiharibika, nani atakitengeneza? Ulizeni kuhusu betri, kuhusu vipuri, kuhusu namna ya kukihakiki kila baada ya muda. Kihisi cha kuvaliwa kinachohitaji kuchajiwa kila siku katika zahanati inayotegemea paneli moja ya jua kitashindania umeme na taa ya chumba cha kujifungulia. Kamati iamue mapema nani atatangulia.

Swali la nne: taarifa za mgonjwa zinakwenda wapi? Vifaa vingi vya kuvaliwa hutuma vipimo kwenye simu, na kutoka simu hadi kompyuta za kampuni iliyo mbali. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Mapigo ya moyo ya mtoto wa Mkalama ni taarifa ya siri ya mtoto huyo na wazazi wake, na mama ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kabla mtoto hajavishwa chochote.

Mbali na maswali hayo, yapo mambo ambayo tunaweza kuyaanza wiki hii kwa gharama ndogo mno. Kila chumba cha kujifungulia kiwe na kipimajoto cha kwapani chenye betri nzima, hata kama kipo kile cha paji la uso. Kipimajoto cha infraredi kikae ndani ya chumba kinapotumika, si dirishani juani wala mfukoni. Kila wiki, kabla ya kukabidhiana zamu, wahudumu wapime mtu mmoja mwenye afya kwa vifaa vyote viwili na kuandika namba zote mbili kwenye daftari; zikianza kuachana, tupigieni simu sisi mafundi. Na pale namba inapopingana na macho ya muuguzi, au na maneno ya mama, mgonjwa asiondoke. Apimwe tena, kwa kifaa kingine, na mtu mwingine kama yupo.

Hilo la mwisho halihitaji bajeti, bali mkuu wa kituo asiyemkaripia mtumishi anayetilia shaka mashine. Mkunga yule niliyewasimulia habari zake hakuwa na kifaa bora kuliko changu. Alikuwa na mazoea ya kumsikiliza mama, akawa na kipimo cha pili cha kuthibitisha.

Narudi sasa mlangoni, kwa mjumbe aliyeniuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu vihisi hivi vitakuja, vipende visipende vituo vyetu kuwa tayari. Vitaletwa na miradi, vitaletwa na wafanyabiashara, vitaletwa na ndugu zetu walio mijini wakiwa na nia njema. Yanatuhusu pia kwa sababu kinywe kinachozaa grafini kimo katika ardhi ya nchi hii, na ingekuwa aibu kukichimba kwa mikono yetu, kisha tukanunua kilichotengenezwa kwacho bila kujua kinafanyaje kazi. Na kuhusu betri zilizowashinda, Ndugu Mjumbe, namwomba Mganga Mkuu wa Wilaya aniruhusu kulisema hili hadharani: kabla ya mpango wa mwaka ujao wa kituo chenu kupitishwa, betri za kipimajoto cha kwapani ziandikwe humo, mstari wa kwanza wa vifaa. Kituo kitakachoshindwa kuhudumia kipimajoto cha kawaida kitashindwa pia kuhudumia plasta ya grafini.

Nawaomba kila kituo kiniletee orodha ya vihisi kilivyo navyo, vinavyofanya kazi na visivyofanya, pamoja na tarehe ya mwisho vilipohakikiwa. Kama tarehe hiyo haijulikani, andikeni hivyo hivyo bila kuogopa, tutaanzia hapo.